Kazi Zinaporundikana, Mwingereza Husemaje?

SWALI: Mimi ni karani wa masjala mjini Morogoro. Wiki iliyopita mkuu wangu aliniachia maagizo kwa Kiingereza: "Don't let the files pile up." Kwa kuwa kamusi yangu inaeleza kwamba "pile" ni lundo na "up" ni juu, nilidhani ananikataza kuweka majalada kwenye rafu ya juu, nikayashusha yote. Naomba ufafanuzi.

JIBU: Ndugu msomaji, mkuu wako alikuwa akikuambia usiache majalada yarundikane, yaani uyashughulikie kadiri yanavyoingia. Kitenzi cha Kiingereza kinapoandamana na neno dogo kama "up", maana hubebwa na maneno yote mawili kwa pamoja, na ukiyatafsiri moja moja utapotea, kama ilivyokutokea.

Hata hivyo, kinachowatatiza wengi zaidi ni umbo la kitenzi chenyewe. Katika Kiswahili karani huyarundika majalada, nayo majalada hurundikana, na kiambishi kile kidogo cha mwishoni ndicho kinachotuonyesha tofauti. Kiingereza hakina kiambishi cha namna hiyo: "She piled up the files" maana yake ni kwamba aliyarundika mwenyewe, ilhali "The files piled up" maana yake ni kwamba yalirundikana. Mwanafunzi anayehangaika kukitafsiri kiambishi chetu huandika "The files were piled up", sentensi ambayo kisarufi ni sahihi, lakini humfanya msomaji aone majalada yaliyopangwa na mtu mezani, wala si yale yaliyoongezeka siku hadi siku kwa kukosa kushughulikiwa. Nimeliona kosa hilo hata kwa watu wanaokimudu Kiingereza vizuri, na ndiyo maana nalisisitiza.

Ukitumia kiwakilishi, kiweke katikati: "pile them up", kamwe si "pile up them".

Aghalabu kitenzi hiki huambatana na mambo yanayoelemea, kama vile madeni, bili, vyombo vichafu na barua zisizojibiwa. Akiba inayokua taratibu hufaa zaidi kuelezwa kwa "build up", na pale tunaposema haba na haba hujaza kibaba, Mwingereza angetumia "add up", kwa sababu vidogo vikijumlishwa huwa kingi. Ukikuta "pile-up" yenye kistari, hilo ni jina, nalo hutumika hasa kwa ajali ambamo magari mengi hugongana kwa mfululizo. Mkazo wake huwa kwenye "pile".

Basi yarudishe majalada kwenye rafu ya juu bila wasiwasi. Jioni, ukishayamaliza yaliyoingia siku hiyo, mwandikie mkuu wako "Nothing has piled up today", naye atajua kwamba umemwelewa.