Inzi Anakatika, Trauti Anageuka: Tatizo Liko Wapi?

SWALI: Mtaalamu, nakusalimu kutoka Mafinga. Nimezoea kuvua perege bwawani kwa ndoano na minyoo, lakini mwaka huu nimepewa fimbo ya kuvulia trauti, samaki wa maji baridi, kwa inzi wa bandia, yaani ndoano iliyovishwa nyuzi au manyoya ifanane na mdudu. Imeandikwa namba 5 juu ya mpini, na ilikuja na rili yenye mshipi mnene wa rangi ya machungwa. Rafiki yangu alinishauri niutoe mshipi huo kwa kuwa samaki watauona. Nikaweka nailoni ya kawaida, na inzi hakwenda popote. Nilipourudisha, mshipi ulianguka rundo mbele ya miguu yangu, na mara nyingine ulilia kama mjeledi, kisha nikakuta inzi hayupo. Mara chache nilizofanikiwa kumfikisha majini, trauti walipanda, wakamkaribia, wakageuka. Je, tatizo ni vifaa, ni mkono wangu, au ni samaki wenyewe? Na nikimpata, nimrudishe majini?

JIBU: Ndugu msomaji, nakushukuru kwa kueleza kwa undani namna hii, kwa sababu kila dalili uliyoitaja ina chanzo chake na inaweza kurekebishwa. Vifaa vyako ni sahihi. Rudisha mshipi mnene na usiutoe tena.

Katika uvuvi uliouzoea, kinachorushwa ni uzito ulio mwishoni, yaani risasi, chambo na ndoano, na nailoni nyembamba hufuata nyuma. Inzi wa bandia aliyefungwa kwenye ndoano ndogo ya namba 14 hana uzito wa kuvuta chochote, maana hafikii hata nusu ya gramu. Kwa hiyo hapa kinachorushwa ni mshipi wenyewe, na inzi ndiye anayefuata. Futi 30 za kwanza za mshipi namba 5 zina uzito wa gramu 9 hivi, na namba iliyo kwenye fimbo yako inamaanisha kwamba fimbo hiyo imeundwa ili ipinde vizuri chini ya uzito huo. Nailoni ya kawaida ni nyepesi mno, fimbo haikupinda, na ndiyo maana hukupata kitu. Hofu ya rafiki yako kwamba samaki watauona mshipi ina msingi, lakini dawa yake ni kufunga mbele ya mshipi uzi wa nailoni wa futi saba na nusu hadi tisa, mnene upande unaoungana na mshipi na unaopungua taratibu hadi kuwa mwembamba sana pale anapofungwa inzi. Ukikosa uzi uliotengenezwa hivyo, unganisha vipande vitatu vya nailoni vya unene tofauti, ukianza na kilicho kinene.

Sasa tuje kwenye mkono. Mshipi huanguka rundo kwa sababu mbili kuu. Ya kwanza ni kuanza kurusha wakati mshipi umelegea: nusu ya nguvu yako huishia kuunyoosha, na fimbo haijaanza hata kupinda. Anza ncha ya fimbo ikiwa chini karibu na maji na mshipi ukiwa umenyooka mbele yako. Ya pili, ambayo naiona kwa karibu kila anayeanza, ni kutosimamisha fimbo. Fimbo iliyopinda hutoa nguvu yake pale inaposimamishwa ghafla, na ukiiacha iendelee hadi chini nguvu hiyo humwagika yote. Inua polepole, ongeza kasi kwa mfululizo bila kushtua, kisha isimamishe fimbo ikiwa imepita wima kidogo tu kuelekea nyuma. Subiri. Halafu isukume mbele kwa namna ileile, na uisimamishe ikiwa bado iko juu, kabla haijalala. Kiwiko ndicho kifanye kazi kubwa, kwa sababu kifundo cha mkono kikikunjwa sana, ncha ya fimbo huchora duara pana na mshipi hufunguka bila nguvu.

Neno “subiri” ndilo jibu la ule mlio wa mjeledi. Unaporusha nyuma, mshipi huenda ukiwa umejikunja na huhitaji muda wa kunyooka wote. Ukianza kusukuma mbele kabla haujanyooka, ncha yake hugeuka kwa kasi kubwa mno na kumkata inzi papo hapo. Geuza kichwa uutazame mshipi kwa nyuma, kwani hakuna ubaya wowote kufanya hivyo, na wavuvi wazoefu hufanya. Kadiri mshipi ulio nje unavyokuwa mrefu, ndivyo muda wa kusubiri unavyoongezeka. Nakushauri ujifunzie kwanza kwenye uwanja wa mpira au malisho yenye nyasi fupi, ukiwa umetoa mita sita tu za mshipi na umefunga kipande cha uzi wa sufu mahali pa inzi, ili usiumize jicho lako wala la mtoto anayetazama. Vijito vya Mufindi vinavyopita katikati ya chai na misitu ni vyembamba, na mara nyingi umbali huo unatosha kabisa.

Vijito hivyo pia vina vichaka nyuma ya mvuvi, na hapo kurusha nyuma haiwezekani. Acha mshipi ulale majini mbele yako, uvute fimbo taratibu hadi mshipi utengeneze tumbo linaloning'inia nyuma ya bega lako, tulia kidogo, kisha sukuma mbele na usimamishe. Mshipi utabiringika juu ya maji bila kugusa kichaka. Kwa mazingira yetu, mtupo huu ningeufundisha mapema kuliko vitabu vingi vinavyofanya.

Swali lako zito zaidi, kwa maoni yangu, ni la trauti anayepanda na kugeuka. Watu wengi hukimbilia kubadilisha inzi, wakidhani rangi ndiyo tatizo. Trauti hukaa akiuelekea mkondo, mara nyingi nyuma ya jiwe au pembeni ya maji ya kasi, akisubiri wadudu waletwe na maji, na wadudu hao husafiri kwa mwendo uleule wa maji yanayowabeba. Inzi wako akikimbia kuliko povu lililo kando yake, au akikata mkondo na kuacha mchirizi, samaki anajua kwamba kuna kitu kisicho cha kawaida. Kinachosababisha hali hiyo ni mshipi wako kulala juu ya maji yenye kasi tofauti na yale yaliyombeba inzi. Simama upande wa chini wa mkondo, nyuma ya samaki, rusha kwa mshazari kuelekea maji yanakotoka, na kadiri inzi anavyorudi kwako, uvute mshipi uliolegea kwa mkono wa pili bila kumgusa inzi. Pale ambapo maji ya kasi yako kati yako na samaki, inua fimbo juu ili mshipi mwingi usiguse maji, au usogeze mshipi kwa wepesi kuelekea maji yanakotoka mara tu unapotua.

Kusimama nyuma yake kuna faida nyingine, kwamba samaki huona vibaya zaidi upande huo. Inama, vaa nguo zisizong'aa, na chunga kivuli chako kisitangulie. Kuhusu inzi mwenyewe, geuza mawe mawili au matatu mtoni utazame wadudu walioshikamana nayo. Ukiona wadogo wa rangi ya kahawia, anza na inzi wa kuzama wa rangi na ukubwa huo.

Tabia moja ya bwawani itakubidi uiache: kungoja samaki ameze. Trauti hutambua haraka kwamba alichokishika si chakula na hukitema. Ukiona amekamata, au mshipi umesita mahali ambapo ungepaswa kuendelea, inua fimbo mara moja, lakini kwa upole, maana ncha ya uzi wako ni nyembamba.

Kwa majira, nenda baada ya masika, kuanzia Juni hadi Oktoba, mito ikiwa imesafika. Juni na Julai kuna baridi kali na ukungu, lakini samaki huyu ni wa maji baridi yenye oksijeni nyingi, na maji yakizidi nyuzi 20 za Selsiasi huanza kutaabika. Siku za joto vua asubuhi tu. Kabla ya hapo, pata leseni kwa afisa uvuvi wa halmashauri, kwani Sheria ya Uvuvi Namba 22 ya mwaka 2003 inakuhusu wewe kama inavyomhusu mvuvi wa ziwani, na omba ruhusa ya mwenye shamba la chai kama kijito kinapita kwake.

Je, umrudishe? Trauti si samaki wa asili wa Nyanda za Juu Kusini. Waliletwa wakati wa ukoloni, na trauti wa upinde wa mvua asili yake ni mito inayoingia bahari ya Pasifiki. Kwa hiyo sioni kosa kumla mmoja aliyekomaa, mahali ambapo leseni yako na mwenye eneo wanaruhusu. Nisichokubaliana nacho hata kidogo ni kuwabeba wadogo kwenye ndoo na kuwamwaga kijito kingine, kwa sababu huko wanaweza kuwamaliza samaki na viumbe wadogo wa asili ambao hawajawahi kuishi na mwindaji wa namna hii. Ukiamua kumrudisha, bonyeza kwa koleo kibanzi cha ndoano, yaani kijino kilicho karibu na ncha yake, mapema kabla ya kuvua, lowanisha mikono kabla ya kumshika ili usimtoe ute unaomkinga, na usimtoe majini zaidi ya sekunde chache. Mshike akiuelekea mkondo hadi aondoke mwenyewe kwa nguvu zake. Akilala ubavu, endelea kumshika.