Maswali ya Wasomaji: Fangio, Nürburgring 1957 na tangi la nusu

Msomaji wa Tanga anauliza: Ndugu Mhariri, nimesoma mahali kwamba dereva Mwargentina Juan Manuel Fangio alishinda langalanga ya Ujerumani mwaka 1957 kwa sekunde 3.6. Pengine nimekuta kwamba alikuwa nyuma kwa dakika nzima. Lipi la kweli? Na kama kusimama kujaza mafuta kunakula muda hivyo, kwa nini alipanga kusimama?

Jibu: Yote mawili yalitokea, kila moja kwa wakati wake, ingawa hiyo dakika nzima imetiwa chumvi kidogo. Mbio zilifanyika tarehe 4 Agosti 1957 kwenye njia ndefu ya Nürburgring, mizunguko 22 ya kilomita 22.81, jumla karibu kilomita 502. Fangio, akiendesha Maserati 250F, alimaliza kwa saa 3, dakika 30 na sekunde 38.3. Mike Hawthorn wa Ferrari alifuata sekunde 3.6 baadaye, kisha Peter Collins, naye wa Ferrari, sekunde 35.6 nyuma ya mshindi. Luigi Musso alikuwa wa nne na Stirling Moss, kwenye Vanwall, wa tano. Kwa mwendo wa wastani wa siku ile, kama kilomita 143 kwa saa, sekunde 3.6 ni mita 143 hivi. Baada ya kilomita 502, hizo ni chache mno.

Sasa hilo la kusimama. Ferrari walijaza tangi na kufunga matairi magumu ya Englebert ili waende hadi mwisho bila kusimama. Maserati walimpa Fangio mafuta ya karibu nusu ya safari na matairi laini zaidi ya Pirelli. Tairi laini hushika barabara vizuri lakini huisha upesi. Yasingefika mizunguko 22. Tangi la 250F liko mkiani, nyuma ya dereva. Mafuta ya mbio wakati huo yalikuwa mchanganyiko wenye methanoli nyingi, ambayo huipoza hewa inayoingia kwenye injini lakini huhitajika karibu maradufu ya petroli. Kila lita 100 ni takriban kilo 80, na gari lenyewe, bila mafuta, lilikuwa na kilo 630 hivi. Mzigo huo ukikaa mkiani, gari huchelewa kuitika usukani, nyuma huteleza kwenye kona, na breki za ngoma hupata joto hadi zinalegea. Nürburgring ina kona zaidi ya 150, na inapanda na kushuka karibu mita 300. Hapo wepesi wa gari hulipa kila dakika.

Mpango ulikuwa kujenga akiba kubwa kabla ya kusimama, na hapo ndipo ulipokaribia kuharibika. Fangio alisimama mwisho wa mzunguko wa 12 akiwa mbele kwa karibu nusu dakika. Magurudumu ya nyuma yalibadilishwa: kila gurudumu lilishikwa na nati moja kubwa ya katikati yenye masikio, inayofunguliwa na kukazwa kwa nyundo. Kazi ilizidi sekunde 50. Aliporudi barabarani, Hawthorn na Collins walikuwa zaidi ya sekunde 40 mbele yake.

Mizunguko yake ya kwanza baada ya hapo haikuwa ya kutisha, kwa sababu matairi mapya yalihitaji kulainika na tangi lilikuwa limejazwa tena. Ferrari wakaona kazi imekwisha. Zingatia urefu wa njia: mzunguko mmoja ni zaidi ya dakika tisa. Fundi anapomwinulia dereva anayepita ubao wa muda, tofauti anayoandika mara nyingi ni ya mzunguko uliopita, na dereva akishapita ana zaidi ya kilomita 20 za kwenda na tarakimu iliyochakaa. Mpinzani akikuibia sekunde 8 kwa mzunguko, ubao unakudanganya kwa sekunde 8 bila mtu yeyote kukosea hesabu. Kwa maoni yetu, hilo liliwaumiza Ferrari kuliko kasi ya gari.

Fangio aliamua kupita kona nyingi kwa gia moja ya juu kuliko kawaida, ili gari liendelee kukimbia badala ya kusubiri injini ipande. Mzunguko wa 20 aliumaliza kwa dakika 9 na sekunde 17.4. Linganisha na muda wake wa kufuzu, yaani wa kupangia nafasi za kuanzia, 9:25.6, na rekodi ya mbio aliyoiweka mwenyewe mwaka 1956, 9:41.6. Kwenye mzunguko wa 21 alimpita Collins, kisha Hawthorn.

Msomaji wa Nairobi anauliza: Kwa nini Fangio alipata pointi 9 wakati mshindi hupewa 8? Na pointi zake za mwaka ni 40 au 46?

Jibu: Nane ni za ushindi, moja ni ya mzunguko wa kasi zaidi. Nafasi tano za mwanzo zilipata 8, 6, 4, 3 na 2. Mwaka 1957 matokeo matano bora kati ya mbio nane ndiyo yaliyohesabiwa, hivyo 46 alizozichuma zikabaki 40. Ushindi huu ulimpa taji la tano, na ulikuwa wa 24 na wa mwisho kwake katika mbio za ubingwa wa dunia. Alikuwa na umri wa miaka 46.

Msomaji wa Zanzibar anauliza: Kwenye orodha ya matokeo kuna Porsche ya Edgar Barth nafasi ya 12. Si gari la viti viwili hilo?

Jibu: Ndiyo, ni Porsche 550 ya michezo. Magari ya Formula 2, daraja dogo la injini zisizozidi lita 1.5, yalikimbia pamoja na ya langalanga ya lita 2.5 kwa kuwa njia ilikuwa ndefu na ilihitaji kujazwa magari. Barth alikamilisha mizunguko 21 na ndiye mshindi wa daraja lake, lakini magari hayo hayakuwania pointi za ubingwa.

Msomaji huyohuyo: Je, muda wa 9:17.4 unalinganishwa na wa Nürburgring ya leo?

Jibu: Hapana. Langalanga iliondoka kwenye njia ndefu baada ya mbio za 1976. Uwanja mpya, uliofunguliwa 1984, una kilomita 5 hivi tu, na hata njia ndefu iliyobaki leo ni fupi kuliko ile ya Fangio, kilomita 20.8. Ukiona jedwali linaloziweka nyakati hizo safu moja, angalia kwanza safu ya urefu.