Kabla hujaandika "wanamteka", fuata mikono

Wadogo zangu mnaoanza kazi ya uwandani Kondoa, wiki iliyopita nilisimama nanyi chini ya Mungomi wa Kolo, mwamba wenye michoro ya kale. Hata jasho la kupanda halijakauka, mmoja wenu alishajaza daftari: "Wanaume wanamteka mwanamke." Niliumia, maana sentensi hiyo niliwahi kuisema mimi.

1. Maji ni ya kunywa. Ukimwagia mchoro ili rangi ikolee kwenye picha, unauharibu.

2. Soma tabaka. Picha nyekundu ni za wawindaji wa kale, nyeupe za wakulima zikaja baadaye, mara nyingine juu yake. Ukizifanya tukio moja umewakutanisha watu ambao hawakuonana.

3. Hadithi ije mwisho. Hili nililipia.

Mwaka wangu wa kwanza nilipewa darasa la sekondari niliongoze. Nilikuwa nimesoma kwamba Mary Leakey, mtafiti wa mambo ya kale aliyenakili michoro hii mwaka 1951, aliona utekaji katika ile paneli, yaani kundi la michoro, ya watu watano. Yeye alikisia. Mimi nikawapa watoto kisa kizima: koo mbili, ugomvi, mahari isiyolipwa. Walinisikiliza kimya, nami nikazidi kunogesha.

Tulikuwa na mzee wa Kisandawe kutoka upande wa Chemba. Alingoja nimalize, akaniuliza taratibu, "Mwanangu, huyo mama umemwona analia, au umeambiwa?"

Sikuwa na jibu. Akaninyooshea mwamba, nami nikaanza kufuata mistari kwa kidole, hewani, bila kugusa. Miili mirefu na myembamba kuliko mtu yeyote. Vichwa havifanani. Wa katikati ameshikwa mikono huku na huku, na mistari ya mikono inawafunga wote watano kuwa umbo moja. Mkono ule ule unaweza kuvuta, na unaweza kumtegemeza mtu asianguke. Wasandawe wana ngoma ya simbo, ambayo mchezaji hupandisha, yaani hutoka katika hali yake ya kawaida, hadi akawa simba, na wapo watafiti wanaoiona simbo katika paneli hii. Mzee hakuniambia ipi ni kweli. Alitaka nitazame tu.

Kinachoniuma mpaka leo ni wale watoto. Waliandika insha, na mahari niliyoitunga ikaingia humo kama historia ya Kondoa. Yule mzee alisimama pale akisikia picha ambayo huenda ni ibada ya babu zake ikigeuzwa uhalifu. Nilimwomba radhi, akapokea. Watoto sikuwapata tena.

4. Mahali hapa ni Urithi wa Dunia tangu 2006, lakini kabla ya hapo na hadi sasa ni pa matambiko. Ukikuta kilichoachwa na wenyeji, usikiguse.

5. Chora kabla ya kupiga picha. Simu inakuruhusu kuondoka bila kutazama, ila penseli itakudai kila mstari unaanzia wapi na kuishia wapi. Yule mwenzenu nilimpa yangu nikamwambia achore mikono peke yake. Alikaa pale karibu nusu saa na jua lile. Kisha akafuta "wanamteka" mwenyewe, akaniuliza aandike nini.

Nikamwambia aandike "wamemshika".