Nyuki kwenye bakuli la ndege

SWALI: Ndugu Mhariri, nyumbani kwangu Kimbiji, Kigamboni, huwa ninaweka bakuli la maji ya sukari chini ya mkorosho ili niwatazame chozi, wale ndege wadogo wafyonza maua. Tangu joto la Januari lianze, nyuki wamelijaa bakuli hilo. Chozi hawasogei tena, na wajukuu wanaogopa kupita. Jirani ananishauri nipulize dawa. Nifanyeje? (Bibi wa wajukuu watatu)

JIBU: Shikamoo Bibi. Tafadhali sana usipulize dawa, kwa sababu itaingia kwenye maji wanayokunywa ndege, na ndege watakaookota nyuki waliokufa nao watadhurika.

Kinachowaita nyuki hapo ni sukari. Nyuki mmoja akipata chakula kitamu cha uhakika, hurudi mzingani na kuwaelekeza wenzake kwa kucheza; mchezo huo hueleza upande wa kwenda na umbali wake, jambo ambalo Karl von Frisch wa Austria alilifumbua, akashiriki Tuzo ya Nobeli ya mwaka 1973. Ondoa sukari kabisa. Chozi hawaihitaji, kwani mdomo wao uliopinda umeumbwa kwa ajili ya maua, na makinda yao hulishwa zaidi wadudu na buibui. Panda mshubiri karibu na dirisha. Ukichanua watakuja wenyewe.

Maji matupu ni suala jingine, maana wakati wa joto nyuki huyatandaza ndani ya mzinga na kuyapepea kwa mbawa ili kuupoza. Wape basi beseni lao, mbali na njia ya watoto, lenye kokoto na vipande vya makumbi vya kusimamia wasizame. Liweke kwanza, ndipo uondoe bakuli la zamani. Nyuki hukariri mahali, na kwa muda utawaona wakizunguka pale pale patupu. Ndege wawekee maji na mtama alfajiri, kabla jua halijapasha moto.

Kaa hatua chache kando, Bibi, utazame: nyuki ameinama ukingoni, ulimi umegusa unyevu, tumbo linatanuka na kusinyaa, kisha anaruka moja kwa moja kuelekea kwao. Mfuate kwa macho. Akiishia kwenye paa lako, msiwachome moto. Tafuta mfugaji wa nyuki awahamishe jioni, kwani nyuki wetu, walio wapole wanapokunywa, ni wakali mno wanapolinda makao yao.