Lenzi Mpya, Neva Ile Ile: Maswali Yenu Kuhusu Presha ya Macho

SWALI: Nina presha ya macho, yaani glakoma, mwaka wa tisa sasa. Miezi mitatu iliyopita nilitolewa mtoto wa jicho na kuwekewa lenzi ya bandia. Kwenye ubao wa herufi nasoma hadi mstari wa 6/6, lakini nikishuka ngazi jioni sioni kipandio kimoja kinaishia wapi, na maandishi yenye wino hafifu yananishinda. Je, lenzi imekaa vibaya? (Msomaji, miaka 67)

JIBU: Pole sana, mzee wetu. Huenda lenzi imekaa sawasawa, na unachosema ni kweli vilevile. Ubao ule una herufi nyeusi tii juu ya nyeupe pepe, chini ya mwanga wa kutosha. Ngazi ya kijivu jioni ni kijivu juu ya kijivu. Lenzi kazi yake ni kuukusanya mwanga na kuutua kwenye retina, yaani utando wa nyuma ya jicho unaopokea picha. Kutoka hapo habari husafirishwa na neva ya jicho, na neva ndiyo inayoliwa na glakoma. Uwezo wa kutenganisha kitu na kilicho nyuma yake, ambao wataalamu huuita kontrasti, unaweza kupungua wakati herufi kubwa na ndogo bado zinasomeka vizuri. Omba upimwe kwa ubao wa Pelli-Robson: herufi zake zote zina ukubwa mmoja, ila hufifia kila baada ya herufi tatu mpaka zinapotea. Kila jicho lipimwe peke yake.

Hata hivyo, tusiitupie neva lawama zote kabla ya kuyaondoa yanayotibika. Namba ya miwani ipimwe upya, kwani hata nusu dayopta (kipimo cha nguvu ya miwani) iliyobaki huharibu kontrasti. Jicho kavu ni mkosaji mkubwa anayesahaulika: matone mengi ya glakoma yana kihifadhi kiitwacho benzalkoniamu, ambacho kikitumika kwa miaka huchubua uso wa jicho. Dalili yake ni hii: unapopepesa, maandishi yanatakata, kisha baada ya sekunde chache yanavurugika tena. Ukiona hivyo uliza kuhusu matone yasiyo na kihifadhi. Na kwa kuwa ni miezi mitatu tangu operesheni, katikati ya retina ichunguzwe kwa kipimo cha OCT, kinachopiga picha za tabaka za retina kwa mwanga, maana uvimbe wa hapo hujitokeza wiki kadhaa baada ya upasuaji na unatibika.

Nyumbani, utepe wa rangi inayokinzana na ngazi, upana wa sentimita 5, ubandikwe ukingoni mwa kila kipandio. Taa ya kusomea iwe ya shingo inayopinda, imulike ukurasa kutoka ubavuni na isikupige machoni. Maziwa mimina kwenye kikombe cheusi. Kwenye cheupe huwezi kujua kimejaa mpaka yamwagike.

SWALI: Shikamoo daktari. Mama yangu ana glakoma na anasubiri operesheni ya mtoto wa jicho. Ameshauriwa lenzi ya gharama ya juu inayoona mbali na karibu ili aachane na miwani. Tukubali?

JIBU: Marahaba. Kwa mtu ambaye upeo wake wa kuona, yaani eneo lote analoliona jicho likiwa limetulia, umeshaanza kumegeka, jibu letu ni hapana, na tunalisema kwa uzito.

Lenzi nyingi za aina hiyo zina miduara midogo iliyochongwa usoni, mmoja ndani ya mwingine, inayougawa mwanga. Katika lenzi ya miduara ya masafa mawili, takriban asilimia 41 ya mwanga huenda kwenye picha ya mbali, asilimia 41 kwenye ya karibu, na asilimia 18 hivi hupotea bila kutengeneza picha yoyote ya maana. Mama akitazama mbali, picha ya karibu iliyovurugika inalala juu ya ile anayoitaka kama ukungu mwembamba, na usiku taa huzungukwa na miduara ya mwanga. Neva nzima huvumilia hasara hiyo. Neva iliyopoteza nyuzi zake inapunguziwa mara mbili.

Kuna jambo jingine ambalo mara nyingi halitajwi. Lenzi hizi zinaweza kushusha matokeo ya kipimo cha upeo wa kuona, kile cha kubonyeza kitufe kila unapoona kinuru. Hapo inakuwa vigumu kujua kama ugonjwa umesonga au ni lenzi tu, na kipimo hicho ndicho kinachoongoza matibabu yake ya maisha yote. Tena, wapo wenye glakoma ambao vumbi jeupe la protini limewajaa kwenye lenzi na kulegeza nyuzi zinazoishikilia. Kwao lenzi mpya inaweza kuhama katikati baada ya miaka, na lenzi ya miduara ikihama hata kidogo huharibu picha kuliko ile ya kawaida.

Tunachopendekeza ni lenzi ya umbali mmoja tu, yenye umbo linalosahihisha mtawanyiko wa mwanga unaoletwa na konea (kioo cha mbele ya jicho), ilengwe kuona mbali, kisha miwani ya kusomea. Kama konea ina astigmatizimu, yaani mpindo usio sawa pande zote, lenzi ya toriki, inayousahihisha, inafaa, isipokuwa akiwa anatarajiwa kufanyiwa upasuaji wa kushusha presha, ambao unaweza kuubadilisha mpindo huo. Wako madaktari wanaokubali lenzi za kurefusha masafa ya kuona kwa glakoma changa iliyotulia. Hoja yao ina msingi, lakini lenzi itakaa jichoni miaka yote iliyobaki, na glakoma haikuahidi kubaki changa. Kabla mama hajatia saini, muulizeni daktari kama uharibifu umekaribia katikati ya upeo wake wa kuona.

SWALI: Baada ya operesheni naweza kuacha matone?

JIBU: Usiache kwa uamuzi wako. Kwa glakoma ya pembe iliyo wazi (pembe ni kona ndani ya jicho ambako maji yake hutokea), kutolewa mtoto wa jicho mara nyingi hushusha presha kwa milimita 2 hadi 4 za zebaki. Kwa pembe iliyojifunga hushuka zaidi. Lakini saa 24 za kwanza presha inaweza kupanda ghafla, hasa kama jeli iliyotumika wakati wa upasuaji imebaki ndani. Baadaye, matone ya steroidi, yale ya kutuliza uvimbe baada ya upasuaji, yanaweza kuipandisha tena kuanzia wiki ya pili au ya tatu, bila maumivu yoyote. Kwa hiyo upimwe siku ya kwanza, na tena wakati steroidi zikiendelea. Jicho likiuma sana, ukatapika au kuona kukapungua, nenda siku hiyohiyo.

SWALI: Mwaka wa pili baada ya kuwekewa lenzi, ukungu umerudi. Mtoto wa jicho ameota tena?

JIBU: Haoti tena. Ni mfuko wa asili unaoishikilia lenzi uliofanya utando nyuma yake. Leza ya YAG huutoboa kwa dakika chache, bila kisu. Wewe mwenye glakoma mkumbushe daktari hali yako kabla, upewe tone la kuzuia presha, na usiondoke mpaka ipimwe tena saa moja baada ya leza.