Juliasi Kaizari kwenye mahafali: waigizaji wako wazuri wapeleke kwenye umati

Mwalimu, nimeusoma uzi wako mpaka chini. Umepewa klabu ya maigizo hapo Makambako, mahafali ya kidato cha nne yanakaribia, mkuu wa shule anataka Juliasi Kaizari, ile tamthilia ya Shakespeare kwa Kiswahili, na wewe hujawahi kusimamia igizo hata moja. Kwa asiyeijua: Brutus, Cassius na wenzao wanamuua Kaizari, mkubwa wa Roma, halafu msibani Antony, rafiki wa marehemu, anawageuza wananchi dhidi ya wauaji. Shida ulizotaja ni kwamba wanafunzi wanaghani mistari kama ngonjera, kila mmoja anataka kuwa Kaizari au Antony, na binti uliyempa Brutus anaangua kicheko kila akishika kisu. Wadau waliokujibu kabla yangu wamekushauri ubadilishe, uchukue tamthilia ya hapa nyumbani. Siwapingi, ila mkuu wako ameshaamua, kwa hiyo tuhangaike na hiyo hiyo.

Mimi niliicheza nikiwa kidato cha tatu, shule ya bweni Iringa, nikapewa sehemu ya mwananchi asiye na jina. Siku hizi nasaidia klabu ya shule ya wasichana nje kidogo ya mji. Nayasema haya kwa kuwa nimeliona igizo hili kutokea ndani ya kundi la watu, na huko ndiko linakoponea au kuharibika.

Angalia unavyogawa nafasi. Walimu wengi wanafanya hivi: wenye sauti na akili nyepesi wanapewa Kaizari, Brutus, Cassius na Antony, halafu waliobaki, wale wenye aibu na waliochelewa kujiandikisha, wanarundikwa nyuma kama wananchi wa Roma na kuambiwa "nyie mtapiga kelele". Kisha siku ya siku Antony anatoa ile hotuba ya msibani kwa ufundi wote, na nyuma yake watu wamesimama kama wako paredi. Hotuba inakufa. Antony haongei na wazazi waliokaa kwenye viti. Anaongea na wale wananchi, na kila anachosema kinategemea wao wamefanya nini sekunde moja kabla.

Kaa na sehemu ya tatu, onyesho la pili, ulisome taratibu na penseli mkononi. Brutus amemaliza kujieleza, watu wote wako upande wake, mpaka kuna anayetaka Brutus ndiye awe Kaizari mpya. Antony anapanda kati ya watu wasiomtaka. Anamsifu Brutus kuwa ni mtu mwenye heshima, na hakuna anayeguna. Anamsifu tena, anaweka jambo moja zuri la Kaizari pembeni ya hiyo sifa. Anarudia tena. Halafu ananyamaza, anasema moyo wake uko jenezani na Kaizari, asubiriwe kidogo. Hapo ndipo penye mchezo wenyewe, kwa sababu Antony amenyamaza na wananchi wanaanza kusemezana: mmoja anaona kuna ukweli ndani yake, mwingine anasema macho ya jamaa yamewiva kwa kulia. Kama hao wananchi wanaosemezana ni wanafunzi dhaifu, hakuna mtazamaji atakayeelewa kwa nini dakika chache baadaye mji unachomwa moto.

Kwa hiyo sisi tuliwapeleka wasichana wetu hodari kwenye umati. Mmoja alinuna, alitaka Antony. Nikampa kazi ya kuwa wa mwisho kugeuka: mwenzake wa kushoto analia, wa kulia anataka wosia wa Kaizari usomwe, yeye bado amekunja mikono. Siku ya onyesho watu walikuwa wanamtazama yeye kuliko Antony.

Kila mwananchi awe na shughuli na sababu. Usimpe wewe, ajitafutie. Mmoja wetu alikuwa mama muuza nyanya wa soko kuu, mwingine mjane ambaye mwanawe alikufa kwenye vita za Kaizari na hajui amlilie nani, mwingine kibarua ambaye hakulipwa na anapenda vurugu yoyote itakayotokea. Sheria yetu ilikuwa moja tu: hakuna kuitikia kwa pamoja. Watu wa kweli hawasemi "ndiyo" kama kwaya. Mmoja anaanza, mwingine anadakia, wa tatu anauliza kasema nini.

Kama mnachezea bwaloni au uwanjani, watawanye wananchi wako kati ya wazazi tangu mwanzo, wakae kwenye mabenchi na khanga zao mabegani kama wageni wengine. Antony akifika kwenye wosia na kusema hatausoma, sauti zianze kutoka huko huko. Kwetu mzee mmoja aliyekaa jirani na mjane wetu alichanganyikiwa, naye akaanza kudai kwa nguvu wosia usomwe. Hakuwa kwenye mazoezi hata siku moja na alicheza vizuri kuliko wengi.

Na huo wosia, mwalimu, usiukate. Antony anawachochea mpaka wanatoka mbio kwenda kuchoma nyumba za wauaji, halafu inabidi awaite warudi, maana wameusahau wosia wenyewe waliokuwa wanaudai! Ndipo anawaambia Kaizari amemwachia kila raia drakma 75 na bustani zake kando ya mto Tiber. Wakicheza vizuri, watu wanacheka hapo, na kicheko hicho kinatisha.

Nije kwenye ngonjera. Usiwalaumu watoto. Tangu darasa la kwanza mtoto wetu akisimama mbele ya wageni anaangalia juu ya vichwa vyao, anapandisha mkono wa kulia mstari wa kwanza, wa kushoto mstari wa pili, na sauti inaanguka mwisho wa kila ubeti. Ngonjera alizozieneza mshairi Mathias Mnyampala zina kazi yake na mimi nazipenda, lakini pale wawili wanazungumza kwa ajili ya hadhira. Hapa Cassius anamtaka Brutus peke yake, hataki mtu mwingine asikie. Na Mwalimu Nyerere alipoifasiri, mara ya kwanza 1963 kisha akaipitia upya ikatoka 1969, aliiweka katika mistari ya kishairi, kwa hiyo mdundo wenyewe unawavuta kwenye kughani wasipoangalia.

Dawa tuliyotumia ni mikono. Tuliwapeleka Brutus na Cassius jikoni kwa mpishi, tukawapa ungo wa maharage wachambue, wakisema mistari yao yote ya lile onyesho la Cassius kumshawishi mwenzake. Mkono ukiwa na kazi haupandi juu, na jicho likiwa kwenye ungo halitafuti wageni. Binti aliyekuwa Cassius alipofika pale anaposimulia alivyomwokoa Kaizari asizame mtoni Tiber, aliacha kuchambua, punje bado iko kati ya vidole, akamtazama mwenzake. Brutus hakuinua kichwa. Akaendelea kuchambua, haraka kidogo kuliko mwanzo. Mpishi, ambaye hakujua chochote kuhusu Roma, akauliza, "Huyu anamtaka nini mwenzake?" Ndivyo nilivyojua onyesho limeanza kukaa sawa.

Njia nyingine ni kumwambia mwanafunzi afunge kitabu aeleze hotuba yake kwa Kihehe, Kibena, Kikinga, chochote anachozungumza na bibi yake. Najua shule nyingi zinaadhibu anayeongea lugha ya nyumbani, kwa hiyo mwombe ruhusa mwalimu wa taaluma, au fanya kimya kimya nyuma ya bweni. Akishaieleza hivyo mara moja na kumfanya mwenzake akubali, arudi kwenye mistari ya kitabu. Sauti inabadilika hapo hapo. Na kama Brutus anageuka Blutus, mwache. Mgeni kutoka Dar akicheka, acheke.

Kaizari: wanaogombea nafasi hiyo waambie mapema kwamba anakufa katikati ya tamthilia na baada ya hapo ni mzuka tu. Wengi watajitoa wenyewe. Atakayebaki mwonyeshe kitu kidogo kilichomo: Kaizari anamwambia Antony apite upande wake wa kulia kwa kuwa sikio la kushoto halisikii. Mpe hiyo binti aibebe igizo zima. Kila mtu akimjia kushoto, ageuze kichwa kizima. Mtu mkubwa kuliko wote Roma, na kuna maneno yanampita. Ni bora mara mia kuliko kutembea kifua mbele.

Kama shule yako ni ya mchanganyiko hili halikuhusu, ila kwetu wasichana walicheza wanaume wote, na tamthilia ina wanawake wawili tu, Portia mke wa Brutus na Calpurnia mke wa Kaizari. Mzazi mmoja alilalamika kwamba tunawafundisha mabinti tabia za kiume. Nilimjibu kwamba enzi za Shakespeare mambo yalikuwa kinyume, Portia alichezwa na mvulana, na hakuna aliyekufa. Ila usiwaruhusu kutafuta besi kooni. Julai huku kwetu na ule upepo wa jioni, koo litakwisha kabla ya mahafali. Waongee kwa sauti zao, wapunguze mwendo tu.

Mavazi hayakutusumbua. Usihangaike kushona mavazi ya Kirumi. Mzee wa Kihehe akijitanda mgolole, ukingo mmoja juu ya bega, tayari ni seneta, tena anatembea kwa heshima bila kufundishwa. Tuliazima kwa babu wa mwanafunzi, akatupa kwa sharti kwamba wasichana waje kwake wafundishwe kujitanda, na zisirudi na doa. Ndiyo maana ule wa Kaizari tulitengeneza wenyewe kwa shuka la mtumba tulilolitia rangi, kwa sababu huo lazima utobolewe. Antony anaushika mbele ya watu na kuonyesha tundu moja moja, hapa Cassius alipitisha kisu, hapa Casca, hapa Brutus. Antony wetu aliingiza kidole kwenye tundu la Brutus na kukiacha pale huku akiendelea kusema. Damu: wapo wanaotumia juisi ya rozela, inapendeza ila inanata, na kwenye baridi watoto wanatetemeka. Vipande vya kitambaa chekundu vilivyofichwa mkononi vinatosha.

Sasa binti yako anayecheka. Nadhani hachekeshwi na kisu. Anacheka kwa kuwa hajui Brutus anamuulia nini mtu anayempenda, na mwishoni kwa nini ajiue badala ya kushikwa mateka. Wa kwetu alikwama hapo hapo mwishoni. Tukaenda Kalenga, si mbali na mjini, lilipohifadhiwa fuvu la Mkwawa, mtawala wa Wahehe, lililorudishwa 1954. Kila mtoto wa Iringa ameisikia hiyo habari, kwamba 1898 Mkwawa alipozidiwa na Wajerumani alijipiga risasi wasimkamate hai, ila hawajawahi kuiweka pamoja na kitabu cha shule. Tuliporudi tukasoma pale Brutus anapowaomba wenzake mmoja mmoja wamshikie upanga, wanakataa, mpaka mtumishi wake Strato anakubali, tena anaomba kwanza apewe mkono wa kuagana. Brutus wetu hakucheka tena, na sikumwambia neno. Wewe uko mbali kidogo, ila historia ni ya eneo zima, hata darasani inatosha. Kama bado anacheka baada ya hapo, mbadilishe, mpe yule fundi viatu wa onyesho la kwanza anayewazungusha wakubwa kwa maneno. Hapo kicheko ni mali.

La mwisho ni muda, na hili litakukuta. Ratiba itasema igizo saa nne, mgeni rasmi atafika saa sita, kutakuwa na risala, kwaya, vyeti, na MC atakuja kukunong'oneza, "Madam, fupisheni, dakika ishirini." Wasipokuwa tayari watoto watakata ovyo na kulia nyuma ya pazia. Andaeni mapema toleo la pili, sehemu ya tatu peke yake: mauaji, hotuba mbili, na lile onyesho fupi la Cinna mshairi ambaye umati unamuua kwa sababu jina lake linafanana na la mmoja wa wauaji. Akijitetea kwamba yeye ni mshairi tu, wanasema basi auawe kwa mashairi yake mabovu. Wengi huliondoa, mimi ningeondoa hata nusu ya hotuba ya Brutus kabla ya kuligusa hilo, maana hapo ndipo wananchi wako uliowaandaa wanapoonekana wamekuwa nini. Toleo hilo la pili lifanyieni mazoezi huku mkipima dakika kwa saa, na nakala yake mpe MC mkononi asubuhi, kabla hajashika maiki.