Kabla hujaishangilia rangi ya njano

Jumanne nilikuwa kwenye feri ya Likoni, Mombasa, nimebanwa baina ya mkokoteni wa mitungi ya maji na mama mwenye beseni la samaki, simu ikatetema mkobani. "Assalamu aleikum dada. Niko mwaka wa pili, biokemia. Nataka kugundua dawa ya saratani kama wewe. Nianzie wapi, na mshahara ukoje?"

Kama mimi! Nilicheka peke yangu mpaka yule mama akanigeukia. Mdogo wangu, mimi sijagundua dawa. Nilidhani nimegundua, kwa wiki sita hivi.

Ya chuo nayaruka, sote tumeyapitia. Nilipoajiriwa kwenye maabara ambayo sitaitaja, kazi yangu ilikuwa kupima dondoo za mimea ya pwani kwenye seli za HeLa. Hizo ni seli za saratani ya shingo ya kizazi, zilizotolewa mwilini mwa Henrietta Lacks huko Baltimore mwaka 1951 bila ya yeye kuombwa ruhusa, na mpaka leo zinazaana. Unazilea kama kitoto kichanga: joto la nyuzi 37, hewa yenye kaboni dayoksaidi asilimia 5, chakula kibadilishwe kila baada ya siku mbili tatu, iwe Idi isiwe Idi.

Wako wanaodhani habari za miti ni za waganga tu. Basi miaka ya 1970 Wamarekani walivuna tani 27 hivi za mti uitwao Maytenus buchananii hapo Shimba Hills, ukishavuka Likoni si mbali, wakitafuta kemikali ya maytansine. Ilikuwa kali mno, ikawadhuru wagonjwa, ikawekwa kando. Baadaye ndugu yake wa kikemia akafungwa kwenye kingamwili inayompeleka mpaka kwenye seli ya saratani ya matiti, na dawa hiyo, trastuzumab emtansine, ikaidhinishwa Marekani mwaka 2013. Nilipoisoma habari hii sikulala. Nami nikautaka mti wangu.

Kipimo chenyewe ni hivi. Una bamba la plastiki lenye vishimo 96, kila kimoja kina seli. Unazipa dondoo, dozi kubwa safu ya kwanza, kisha unapunguza safu hadi safu. Baada ya siku tatu unatia MTT, kemikali ya rangi ya njano. Seli iliyo hai huigeuza kuwa zambarau, ile zambarau hasa inayobaki kwenye ulimi wa mtoto aliyeshinda chini ya mzambarau. Seli iliyokufa haigeuzi kitu.

Asubuhi hiyo safu ya kwanza ilikuwa njano tupu. Ya pili njano yenye kivuli, ya tatu imeanza kuiva, hivyo hivyo mpaka zambarau iliyokoza. Nilipochora matokeo, mstari ulishuka laini, bila kigugumizi. Nikampigia mamangu. Bosi akawaita wenzake waje kuona. Bango la mkutano likaanza kuandaliwa, jina langu likiwa la pili kwenye orodha.

Daftari ndilo lililoniumbua. Nilikuwa naandika sehemu ya mbinu nikaanza kupiga hesabu. Dondoo ile haikuwa ikiyeyuka majini, kwa hivyo niliiyeyusha kwa DMSO, kiyeyusho cha maabara, na kwa kuwa ilikuwa nyepesi nilitia nyingi. Safu ya kwanza ilikuwa na DMSO asilimia 5. Sisi hujitahidi isizidi nusu asilimia, maana yenyewe huua seli. Na kwenye vishimo vya kulinganishia, vile visivyo na dondoo, nilikuwa nimetia chakula cha seli tu, bila hata tone la DMSO.

Nilirudia kipimo, safari hii DMSO peke yake, jani halimo. Baada ya siku tatu nilifungua inkubeta, nikatia MTT, nikangoja. Njano ile ile. Mstari ule ule. Mti haukuwa umefanya lolote.

Nilimwendea bosi siku hiyo hiyo. Akasema, "Tutazungumza." Hatukuzungumza. Bango lilikwenda na matokeo mengine, ambayo nayo nilikesha nayo, na jina langu halimo. Nililiona kwenye picha ya WhatsApp, watu wamesimama mbele yake wanatabasamu. Wanasema yaliyopita si ndwele. Mimi hii ni ndwele bado.

Sasa unauliza uanzie wapi. Anzia kwenye kishimo cha kulinganishia. Kiyeyusho kiwe kiasi kimoja kila kishimo, cha dawa na kisicho na dawa. Andika kwa kalamu ya wino, siku hiyo hiyo. Pima seli zako kama zina mycoplasma, maana bakteria huyo haoni haya kukaa miezi nawe hali chakula ki safi machoni. Na usisahau kishimo cha kulinganishia; najua nimeshasema. Nyinyi vijana mnapenda picha za koti jeupe, lakini kuua seli ndani ya plastiki hata dawa ya kung'arishia nguo inaua. Kazi ni kuua seli mbaya na kuiacha iliyo nzima, na hata dawa zinazofika kujaribiwa kwa binadamu, karibu tisa katika kila kumi huanguka. Ukiona njano, usimpigie mama. Rudia kwanza, tena rudia ukitafuta kosa lako.

La mshahara sijalijibu. Nitalijibu siku nyingine, nikiwa sina hasira.